MVUA ZETU NA UKANDA UNAOTEMBEA

 

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya mvua, na maswali yaliyotufikisha hapa ni mawili. La kwanza ni la wakulima wa Daudi, Dongobesh na Haydom. Wanauliza: kwa nini mvua huanza kwa nguvu, mtu akatia mbegu yake ya mahindi ardhini, kisha mbingu ikafunga wiki mbili au tatu hadi mche ukanyauka? La pili ni la watu wa Katesh, nalo ni zito zaidi. Wanauliza: je, mvua iliyoteremsha tope la Mlima Hanang alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa na dalili zilizotangulia? Na kama zilikuwepo, mbona watu walilala?

Tutajitahidi kuyajibu yote mawili. Hata hivyo hatuwezi kuyajibu bila kuondoka kwanza hapa milimani na kwenda mbali, hadi Bahari ya Hindi na hadi India kwenyewe, kwa sababu mvua yetu si mkazi wa hapa. Ni msafiri, na anayetaka kujua msafiri atafika lini hana budi kujua ametokea wapi na anapita njia gani.

UKANDA MVUA NI KITU GANI?

Wengi wetu tumefundishwa kwamba mvua huletwa na miti na milima. Si uongo, ila ni kama kusema kuwa chakula huletwa na sufuria. Msitu wa Nou, ulioko ukingoni mwa uwanda wa Mbulu, hukamata unyevu unaoletwa na pepo za mashariki, nao Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, hulazimisha hewa ipande juu mpaka iwe wingu. Lakini unyevu wenyewe lazima uwe umeletwa kwanza, na hewa lazima iwe tayari kupanda. Hapo ndipo linapoingia jambo kubwa zaidi.

Karibu na mstari wa ikweta, kuizunguka dunia, upo mkanda wa mawingu ya mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania katika matangazo yake huuita ukanda mvua. Asili yake ni hii: pale jua linapokuwa utosini, ardhi na bahari hupata joto jingi, hewa iliyo juu yake huwa nyepesi na kupanda, na nafasi yake huchukuliwa na hewa itokayo kaskazini na ile itokayo kusini. Pepo hizi mbili zikikutana hazina pa kwenda ila juu. Zikipanda hupoa, na mvuke zilioubeba hugeuka kuwa wingu, kisha mvua.

Maadam jua nalo husafiri, mara kaskazini mara kusini, ukanda huu hulifuata. Mbulu iko karibu na digrii 4 kusini mwa ikweta. Hivyo jua huwa utosini mwetu siku za mwanzo za Oktoba, likielekea kusini, na huwa utosini tena karibu na tarehe 10 Machi, likirejea kaskazini. Linganisheni sasa na kalenda ya shamba. Vuli hutufikia wiki kadhaa baada ya mara ya kwanza, na masika hushika baada ya mara ya pili. Kuchelewa huko kunatokana na bahari na ardhi kutopata joto papo hapo, kama chungu kikubwa kisivyochemka mara tu moto unapowashwa.

Mwezi wa Januari na Februari ukanda huwa umeshuka kusini, uko Ruvuma na Mtwara, Malawi, Zambia na Msumbiji. Ndugu zetu wa huko hupata msimu mmoja mrefu, ilhali sisi wa kaskazini hupata misimu miwili. Ila Mbulu na Hanang tuko mpakani. Mamlaka huuhesabu mkoa wa Manyara pamoja na Arusha na Kilimanjaro, katika mikoa yenye vuli na masika. Lakini jirani zetu wa Singida wamo katika mikoa ya msimu mmoja, na kutoka Katesh hadi Singida si safari. Ndiyo maana mwaka mmoja Januari yetu huwa kavu kama ya Arusha, na mwaka mwingine mvua huunganisha Desemba na Machi bila pengo la maana, kama ilivyo Singida. Mkulima anayelalamika kuwa mvua za kwetu hazina adabu ana haki kwa kiasi fulani. Tunaishi kwenye kizingiti cha nyumba mbili.

Tuongeze tahadhari moja ya kielimu. Ukanda huu si kamba iliyonyooka. Sharon Nicholson, mtaalamu wa Marekani aliyetumia umri wake kuchunguza mvua za Afrika, aliandika mwaka 2018 kwamba picha ya mstari mmoja unaopanda na kushuka haitoshi kueleza mvua za Afrika ya ikweta, kwani milima, maziwa, bahari na pepo za juu vyote vina sehemu yake. Tunakubaliana naye. Picha ya ukanda ni mlango wa kuingilia tu.

MSIMU NA KUSI

Neno letu "msimu" limetoka katika Kiarabu, "mawsim", nalo ni la mzizi mmoja na "wasm", yaani alama, kama ile ya moto anayotiwa mnyama ili ajulikane ni wa nani. Wafugaji wa Kibarabaig waliomo humu wanaielewa alama hiyo kuliko sisi. Msimu basi ni wakati uliotiwa alama. Wareno walilichukua neno hilo kutoka kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi, likaenea katika lugha za Ulaya, na leo ulimwengu mzima unapozungumzia mvua za kiangazi za India hutumia neno hilo hilo, monsuni. Ahmad bin Majid, nahodha wa pande za Oman aliyeandika vitabu vya bahari katika karne ya 15, alipanga elimu yake ya safari kwa kufuata misimu: lini kaskazi inafaa, lini kusi inafaa, na lini bahari "imefungwa" kwa sababu ya ukali wa kusi, hata majahazi yakae bandarini.

Watu wa bara hudhani kuwa kusi na kaskazi ni habari za Unguja na Tanga. La hasha. Kusi ni pepo za kusini mashariki zinazoanza karibu na Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Zinapita kaskazini mwa Bukini, zinalipiga pwani letu, zinavuka ikweta upande wa Kenya na Somalia, kisha zinakata Bahari ya Arabuni hadi magharibi ya India. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Mwingereza J. Findlater, aliyechunguza pepo za Kenya, alionyesha kuwa ndani ya kusi mna mto wa upepo, mwembamba na wa kasi sana, ulioko kilomita moja hadi mbili juu ya ardhi, na kwamba sehemu kubwa ya hewa inayovuka ikweta kwenda kuinyeshea India hupitia humo. Milima ya Afrika Mashariki na ya Ethiopia ni ukuta wa magharibi wa mto huo, unaoubana upepo na kuuzuia usitawanyike bara.

Kwa hiyo ile baridi kavu inayotuvalisha makoti hapa Mbulu mwezi wa Julai, inayokausha ngano ya Basotu hadi ivunwe, ni ndugu wa upepo unaoleta mafuriko Mumbai. Mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa Hanang tangu miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, kwenye ardhi ya malisho ya Wabarabaig (na hiyo ni habari yenye uchungu wake, tunaiacha kwa leo), yalitegemea ukavu huo. Sisi tunakausha, wao wanapata. India hupata karibu robo tatu ya mvua yake ya mwaka katika miezi minne, Juni hadi Septemba, nayo kwa wastani ni kama sentimita 87.

BENDI ZINAZOTEMBEA

Sasa tumefika kwenye kiini cha mazungumzo. Iwapo ukanda hulifuata jua, na jua halichelewi hata siku moja, kwa nini mvua huanza na kukatika? Kwa nini monsuni ya India huwa na nguvu mwaka huu, dhaifu mwaka ujao?

Mwaka 1971 wataalamu wawili wa Marekani waliokuwa wakifanya kazi Colorado, Roland Madden na Paul Julian, walichapisha jambo ambalo halikuwa limeonekana. Walichukua kumbukumbu za upepo za miaka kadhaa kutoka kisiwa kidogo katika Bahari ya Pasifiki, wakakuta kwamba upepo unabadilika na kurudia hali yake kila baada ya siku 40 hadi 50. Walipoendelea kuchunguza vituo vingine walitambua kwamba hili ni wimbi kubwa la hewa linalotembea kuelekea mashariki katika eneo la ikweta. Leo linajulikana kwa majina yao.

Wimbi hilo lina sehemu mbili. Mbele kuna eneo la maelfu ya kilomita ambapo hewa inapanda na mawingu ni mazito. Nyuma yake kuna eneo la upana kama huo ambapo hewa inashuka na mbingu ni nyeupe. Mara nyingi mawingu yake huanza kukusanyika magharibi ya Bahari ya Hindi, yaani mbele ya pwani yetu, kisha huenda Indonesia na Pasifiki. Mwendo wake ni kama mita 5 kwa sekunde, sawa na kilomita 18 kwa saa. Huo ni mwendo wa kijana juu ya baiskeli katika barabara tambarare. Baada ya siku 30 hadi 60 hali hurudi pale ilipoanzia.

Wakati wa kiangazi cha kaskazini mabendi haya hayaendi mashariki tu, bali hugeuka pia kaskazini. Wahindi wawili, D. R. Sikka na bibi Sulochana Gadgil, walionyesha mwaka 1980, kwa kutumia picha za satelaiti, kwamba mikanda ya mawingu huzaliwa juu ya maji ya ikweta na kupanda hadi bara la India, mmoja baada ya mwingine. Mwendo wake huwa karibu digrii moja kwa siku, yaani kama kilomita 110. Mkanda unapofika juu ya India ya kati, shinikizo la hewa hushuka, upepo wa kusi unaovuka ikweta huvutwa kwa nguvu zaidi, unyevu huongezeka, na mvua hunyesha kwa wiki nzima au zaidi. Mkanda ukisogea hadi miguuni mwa milima ya Himalaya, tambarare hukauka. Huo wanauita mpasuko wa monsuni. Wakati huo bahari iliyokuwa imefunikwa na mawingu hupigwa na jua, hupata joto upya, na kuandaa mkanda mwingine.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la nguvu. Nguvu ya monsuni si kitu kimoja kinachoamuliwa siku ya kwanza ya Juni. Ni jumla ya vipindi: mikanda mingapi ilipanda, ilikaa muda gani, na mipasuko ilirefuka kiasi gani. Julai 2002 mpasuko uliikalia India karibu mwezi mzima. Mvua ya mwezi huo ilikuwa takribani nusu ya kawaida, na msimu wote ukaishia na upungufu wa asilimia 19. Ulikuwa ukame wa taifa. Mwaka 2023 mwezi wa Agosti ulikuwa mkavu kuliko Agosti yoyote tangu 1901, kwa upungufu wa asilimia 36, kisha mabendi yakarejea na Septemba ikavuka wastani. Aliyehukumu msimu mwishoni mwa Agosti alihukumu kabla ya shahidi wa mwisho kusema.

Iko sababu nyingine inayokaa nyuma ya mabendi haya, nayo ni hali ya bahari kwa mwaka mzima. Gilbert Walker, mwanahisabati Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India tangu 1904, alikuwa akitafuta dalili za kushindwa kwa monsuni, akagundua kwamba shinikizo la hewa hupanda Pasifiki linaposhuka Bahari ya Hindi, na kinyume chake, kama bembea. Baadaye bembea hiyo ikafungamanishwa na El Nino, ile hali ya maji ya Pasifiki kupata joto kupita kiasi. Na mwaka 1999 N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walieleza bembea ya pili, iliyomo ndani ya Bahari ya Hindi yenyewe: upande wa Afrika maji hupata joto, upande wa Sumatra hupoa. Kwa vuli ya kwetu bembea hii ya pili ndiyo yenye mkono mzito zaidi.

TURUDI MBULU

Kuanzia Oktoba hadi Mei mabendi hupita karibu na ikweta, na sisi tumo katika njia yake. Sehemu yenye mawingu inapokuwa juu ya Afrika na magharibi ya Bahari ya Hindi, pepo za magharibi zenye unyevu kutoka misitu ya Kongo hupata nguvu na kufika kwenye nyanda za juu. Mvua hunyesha Mbulu, Karatu, Hanang na nyanda za juu za Kenya. Sehemu hiyo ikisogea hadi Pasifiki, hewa ya kwetu hushuka na kukauka. Benjamin Pohl na Pierre Camberlin, Wafaransa, walichunguza jambo hili na kuchapisha mwaka 2006. Walikuta jambo la kushangaza: nyanda za juu na pwani hazipati mvua za wimbi hili kwa wakati mmoja. Pepo za magharibi zinapotunyeshea sisi, pwani hupumzika, na pepo za mashariki zinaporudi na unyevu wa bahari, pwani hunyeshewa na sisi tukakaa tukiangalia juu.

Basi mkulima wa Dongobesh anayempigia simu shemeji yake aliyeko Tanga kumuuliza kama mvua zimeanza, ili naye aandae mbegu, anafuata dalili isiyo yake. Mara nyingine mvua ya Tanga ni habari kwamba ya kwetu imepumzika.

Na jibu la swali la kwanza ndilo hili. Mvua ya siku tatu au nne mwanzoni mwa Novemba yaweza kuwa ni bendi moja inayopita kabla ukanda mvua wenyewe haujakaa sawasawa. Ikipita, nyuma yake huja ile sehemu ya hewa inayoshuka, wiki mbili, pengine tatu. Mbegu iliyochipua kwa mvua ya bendi ya kwanza hufa hapo. Hatusemi kwamba wimbi hili ni saa ya ukutani. Kuna miezi halionekani kabisa, na kuna mwaka bahari ina joto jingi kiasi kwamba mvua hazikatiki hata wimbi likipita. Lakini lipo, linaonekana kwa satelaiti, na wataalamu huweza kulifuatilia wiki mbili hadi tatu mbele. Huo ni muda wa kutosha kwa mtu kuamua kupanda leo au kungoja.

Vimbunga navyo huingia katika hesabu hii. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande wa mashariki wa Bukini, wimbi la Madden na Julian likiwa katika Bahari ya Hindi, na pepo za magharibi zikavutwa juu yetu. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Machi 2019 Kimbunga Idai kilikaa katika mlango wa bahari kati ya Bukini na Msumbiji kabla ya kuubomoa mji wa Beira, na mahali hapo pakawa ndipo unyevu ulipokwenda. Masika ya mwaka huo yalichelewa sana katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mwezi ni huo huo na bahari ni hiyo hiyo. Tofauti ilikuwa ni upande gani wa kisiwa.

KATESH

Tunafika kwenye swali la pili, na tunaomba utulivu, kwani humu wamo waliozika.

Mwaka 2023 bembea zote mbili zililala upande mmoja. El Nino ilikuwa na nguvu Pasifiki, na Bahari ya Hindi ilikuwa na joto upande wa Afrika. Hali kama hiyo ilikuwepo mwaka 1997, ambao wazee hapa bado wanauita mwaka wa El Nino. Miaka iliyotangulia, kuanzia mwisho wa 2020, ilikuwa kinyume chake, na wafugaji wa mkoa wetu, hususan Simanjiro, walipoteza mifugo mingi kwa ukame kati ya 2021 na 2022. Ardhi iliyokauka ikapokea vuli nzito.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mwezi Agosti 2023 kwamba vuli inatarajiwa kuwa ya wastani hadi juu ya wastani katika maeneo mengi ya kaskazini, na ikataja El Nino kwa jina lake. Kwa hiyo dalili zilikuwepo, na zilisemwa miezi mitatu kabla. Lakini tazameni tangazo la msimu linasema nini na halisemi nini. Neno "wastani" katika lugha ya Mamlaka ni mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya ile ya kawaida ya muda mrefu. "Juu ya wastani" ni zaidi ya asilimia 125. Hiyo ni habari ya miezi mitatu kwa ujumla. Haikutaja usiku wa kuamkia Jumapili, wala haikutaja korongo la nani.

Alfajiri ile sehemu ya ubavu wa Mlima Hanang iliporomoka. Serikali ilieleza, baada ya wataalamu kuchunguza, kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia, ikamomonyoka, na tope likashuka na mawe na magogo. Uvumi ulioenea kuwa volkano imelipuka haukuwa kweli. Tope lilipita Gendabi, Jorodom na maeneo mengine, likaingia sokoni Katesh. Waliofariki walizidi 80. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi. Akaikatisha safari na kuja hapa.

Tupige hesabu moja ili tujue maji ni nini. Mvua ya milimita 50 kwa saa 24 ndiyo Mamlaka huiita mvua kubwa. Milimita 50 zikimwagika juu ya ekari moja ni zaidi ya lita 200,000, uzito wa tani 200. Mlima una ekari ngapi? Na mvua ile haikukuta mlima mkavu. Ilikuta mlima uliokuwa umekwisha kunyeshewa wiki kadhaa. Tone la mwisho halina nguvu kuliko ya kwanza, bali limekuta hakuna tena nafasi.

Hivyo jibu letu ni kwamba mvua ilijulikana, ila tope halikujulikana. Kati ya tangazo la Agosti na usiku wa Desemba palihitajika ngazi: habari ya siku kumi, kisha ya siku tano, kisha mtu wa mtaa anayejua kwamba mlima umeshiba. Ngazi za juu zipo. Iliyokosekana ni ile ya chini kabisa, na hiyo haijengwi Dar es Salaam.

JE, HUKU SI KUINGILIA ELIMU YA GHAIBU?

Wapo ndugu zetu, na tunawaheshimu, wanaosema kwamba kusikiliza utabiri wa mvua kunamgusa mtu imani yake, kwa kuwa kuteremka kwa mvua ni katika mambo ya ghaibu. Swali hili lina mizizi. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakisema nyota fulani imetunyeshea, na Uislamu ukawakataza kuinasibisha mvua kwa nyota kana kwamba ndiyo mpaji. Lakini wanazuoni, akiwemo Imamu Shafi, walipambanua: mwenye kukusudia kwamba nyota ndiyo itendayo, huyo amekosea kosa kubwa, ama mwenye kukusudia kwamba mvua imekuja katika wakati wa nyota ile, huyo anataja wakati tu, kama asemaye imenyesha mwezi fulani.

Mtabiri wa Mamlaka hasemi "itanyesha" kwa kiapo. Husema "inatarajiwa". Ameona bendi la mawingu kwenye satelaiti na kupima mwendo wake, kama mtu aonaye vumbi barabarani akasema gari linakuja. Gari laweza kupinda njiani. Mzee wa Kiiraqw anayetazama wingu kileleni mwa Hanang na kuwaambia wajukuu waanue mahindi hajawahi kuambiwa amedai ghaibu, na nahodha aliyengoja kaskazi ili arudi Unguja hakuambiwa pia. Kwa nini basi satelaiti iwe na hukumu tofauti na jicho?

MAMBO YA KUFANYA

Tuna maombi machache kwa maimamu. Mamlaka hutoa taarifa za siku kumi, na hutoa maonyo kwa daraja tatu: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Maneno haya watu huyasikia redioni kama kwamba yana maana moja. Angalizo ni kukaa macho. Tahadhari kubwa ni kwamba aliyejenga kando ya korongo asilale hapo usiku huo. Taarifa isomwe Ijumaa kabla watu hawajatawanyika, dakika mbili tu, kwa Kiswahili, na penye wazee wasiokielewa vizuri, kwa Kiiraqw au Kibarabaig. Isomwe pia pale inaposema hakuna mvua, kwani mwenye mbegu naye anangoja habari.

Na kwa walimu wa madrasa: chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, liwekeni uwanjani mbali na paa na mti, na kila asubuhi baada ya mvua mtoto mmoja apime maji kwa rula, aandike milimita na tarehe, kisha alimwage. Kopo likionyesha siku tatu nne mfululizo za mvua nzito, msisubiri redio. Mtumeni mtoto kwa mwenyekiti wa kijiji, naye apeleke habari kwa walio chini ya mlima. Kwa walioko juu, Dongobesh na Haydom, daftari hilo hilo litawaonyesha baada ya vuli mbili tatu ni mara ngapi mvua ya kwanza ya Novemba ilikuwa ya kupita. Kazi ianze mwishoni mwa Septemba, kabla jua halijatufika utosini.